Unamlipa Fundi, Hulipii Skrapu

Kuna komenti moja inarudi kila nikiposti kiti au sanamu ya vyuma vya kuokota: "Elfu nane? Si hiyo ni skrapu tu?" Nimeichoka. Naijibu leo, na mwenye ataiandika tena nitamtumia hii posti.

Kwanza, hiyo "skrapu tu" uliwahi kuiangalia vizuri? Kitale ni mji wa mahindi. Nyuma ya kila gereji kuna diski za plau zilizolika, cheni za trekta, meno ya mashine za kupukuchua. Bungoma nayo iko kwa barabara ya Malaba, kwa hivyo kuna springi za malori, rimu, na cheni za bodaboda za kujaza gunia. Springi ya lori ni chuma kigumu sana, ndiyo maana mafundi wa visu na mapanga wanaipenda. Ukiikalia kwa kiti, wewe ndiye utachoka kabla yake.

Mbao ni vivyo hivyo. Nyumba za zamani za Trans Nzoia zikibomolewa, wakati mwingine zinatoa mbao za Elgon teak, mti mgumu wa huku kwetu mlimani. Mbao iliyokaa miaka mingi imeshakauka, haipindi ovyo kama ile mbichi uliyouziwa jana. Na tukumbuke 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma, bei ya mbao ilipanda na kila fundi akalia. Mwenye alijua kutumia mlango wa zamani alikuwa na mahali pa kuanzia.

Sasa twende kwa hesabu. Tuseme fundi amenunua vyuma vya elfu moja na mia tano. Watu wengi hesabu yao inaishia hapo. Haya, ongeza diski za grainda, vijiti vya kuchomelea, stima, rangi, na kodi ya kibanda. Ongeza siku nzima ya kutoa kutu na rangi kuukuu, kwa sababu chuma cha kuokota hakiji kisafi. Ongeza siku ya pili ya kupanga vipande ambavyo havikutengenezwa vikutane. Fundi wa chuma kipya anakata vipimo sawa mara kumi. Huyu wa skrapu kila kiti ni hesabu mpya. Kwa hivyo kazi ya skrapu inakula muda mwingi kuliko ya chuma kipya, na wewe unataka iwe bei ya chini. Kwa nini? Kwa sababu uliona chuma, hukuona siku mbili za mtu.

Lakini kwa duka kubwa unalipa bila kelele kwa meza ya vumbi la mbao lililogandishwa na gundi. Maji yakimwagika inafura kama mandazi. Hapo huulizi kilo ya vumbi ni pesa ngapi.

Najua mtakachosema: "Hao watu wa skrapu ni wezi." Tusidanganyane, wizi uko. Vizuizi vya barabara vinang'olewa, mifuniko ya mitaro inapotea. Januari 2022 minara ya umeme ya laini ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, nchi ikakosa stima, na Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Mwenye kung'oa reli au mnara ashtakiwe, sina shida na hiyo. Shida yangu ni hii: tangu 2015 tuna Sheria ya Vyuma Chakavu inayotaka wafanyabiashara wawe na leseni, lakini mtaani bado kijana mwenye gunia la cheni za pikipiki anasimamishwa kama jambazi. Mwizi anataka chuma kiyeyushwe haraka kisijulikane kilitoka wapi. Msanii anakigeuza ndege na kumweka kando ya barabara wote wamwone. Nani hapo anaficha?

Na wewe fundi, usikae hapo ukipiga makofi. Weka risiti. Usinunue kitu cha mtu asiyetaka kusema amekitoa wapi. Chuma cha mabati usikichomelee kwa chumba kilichofungwa, ule moshi unaumiza. Na weka jina lako kwa kazi! Kioko Mwitiki alijulikana kwa wanyama wakubwa wa vyuma chakavu, na Cyrus Kabiru kwa miwani ya vitu vya kuokota, kwa sababu kazi zao zina mwenyewe. El Anatsui, Mghana wa vifuniko vya chupa, alipewa Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka 2015. Kiti kisicho na jina kitabaki "kiti cha juakali", na cha juakali kila mtu anadhani ana haki ya kukipunguza bei.

Kaunti nazo zisikie. Shule za chekechea ziko chini yenu, na polytechnic za vijijini pia. Sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Basi madawati ya watoto wa Webuye na Kiminini yatengenezwe Webuye na Kiminini. Lakini fundi mwenye kibanda cha mabati hawezi kushinda zabuni iliyoandikwa kwa kampuni yenye mhasibu na wakili. Gawanyeni zabuni ziwe ndogo, na mlipe kwa wakati. Kijana akingoja malipo mwaka mzima, grainda yake itakuwa imeuzwa kwa kilo.

Hiyo ndiyo hofu yangu hasa. Kila mara tukimbana fundi hadi akose faida, tunamsukuma aache. Mikono iliyojifunza miaka mitano kuona mbuni ndani ya springi inaenda kupanda bodaboda. Si ubaya kupanda boda, lakini huo ujuzi hauokotwi kando ya barabara kama chuma.

Kwa hivyo ukienda kibandani wikendi hii, acha kuuliza kilo ngapi. Uliza ilichukua siku ngapi, halafu toa pesa kama mtu anayetaka kumkuta fundi wake hapo tena mwakani.