Waswahili Nao Wapewe Zamu

Wazee wenzangu wengi huidharau michezo ya kompyuta, hali wao wenyewe hushinda barazani wakicheza bao. Mimi naona ni jamaa moja: kote mtu hupanga, hungoja, hushambulia.

Katika vibanda vya Kawangware vijana wengi hulipia kandanda. Mpwa wangu, mzaliwa wa Lamu, yeye hupenda Age of Empires II, mchezo wa kujenga dola na kupigana vita vya kale. Mwaka 2015 uliongezewa toleo la falme za Afrika. Wakaingia Wahabeshi, Wamali na Waberiberi. Na wa nne? Wareno! Katika kisa chao mchezaji humwongoza Francisco de Almeida, yule yule aliyeipora Kilwa na kuitia moto Mombasa mwaka 1505. Basi mtoto wa pwani huketi Kawangware akimpigania Almeida, kwani upande wa babu zake haumo katika toleo lile.

Michezo mingine yatukumbuka kwa namna yake. Civilization VI, wa mwaka 2016, una Zanzibar, lakini ni mji mdogo wa kugombewa na wakubwa. Atakayewazidi wenzake kwa wajumbe hupata mdalasini na karafuu. Civilization IV, wa 2005, ulifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, “Baba Yetu”, uliopata tuzo ya Grammy mwaka 2011. Sina ugomvi na wimbo. Ila sauti yetu ilifaa, wenyewe hatukuwamo.

Natumai watungaji wa matoleo yajayo watatupa zamu, wala wasitupe askari tu. Kilwa aliyoizuru Ibn Battuta mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala. Ilipiga sarafu zake za shaba, ikajenga msikiti mkuu kwa mawe ya matumbawe. Malindi ilipeleka twiga China mwaka 1415. Basi mchezaji wetu aanze na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, kisha azingoje pepo: kaskazi imletee wageni na nguo, kusi iwarudishe na pembe na dhahabu. Asiyejua kungoja afilisike. Hapo ndipo penye akili; kuchinjana, nani asiyekujua?

Na mabaharia wazungumze Kiswahili cha watu wa pwani, si cha kuokoteza katika kamusi.

Wako watakaosema mchezo ni mchezo tu. Mbona Wareno hawakusahauliwa? Na kama ni lazima vita viwepo, havikosekani: Waomani waliizingira Ngome ya Yesu, Mombasa, tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, mpaka wakaitwaa mikononi mwa Wareno. Kisa hicho kingefaa kuwa cha kwanza.