Kipindupindu: bakteria hujuaje wakati wa kushambulia na wakati wa kuondoka?

Mvua zikianza, sisi wa redio hurudia tangazo lilelile kwa wasikilizaji wa Ringwani na vijiji vingine vya Serengeti na Tarime: chemsheni maji, naweni mikono, tumieni choo. Leo tunaeleza sababu yake kwa kumwangalia bakteria wa kipindupindu kwa ndani.

Barua inayozuiwa njiani

Kila bakteria ana maelekezo ya maisha yake, yaani vinasaba. Elekezo likihitajika, hutolewa nakala iitwayo RNA. Nakala hiyo ni kama barua ya mwenyekiti wa kijiji kwa mabalozi: ikishasomwa, kazi inafanyika.

Mwaka 1984 watafiti nchini Marekani waliripoti RNA fupi isiyobeba agizo lolote, katika E. coli, bakteria anayeishi tumboni mwa binadamu. Kazi yake ni kuinasa barua nyingine njiani ili isisomwe. Mwaka 2001 timu kadhaa zilipekua vinasaba vya bakteria huyo kwa kompyuta, zikakuta RNA fupi nyingine nyingi.

Nne zinazosaidiana

Mwaka 2004 ikafika zamu ya kipindupindu. Timu ya Bonnie Bassler wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, iliripoti RNA fupi nne ndani ya bakteria wa ugonjwa huo. Kuzigundua hakukuwa rahisi kwa sababu zinasaidiana. Ukiondoa moja, zilizobaki zinaendelea na kazi. Tabia ya bakteria ilibadilika pale tu zote nne zilipoondolewa.

Bakteria hawa hutoa kemikali, na kwa wingi wa kemikali hizo hujua kama wako wachache au wengi. Wakiwa wachache, RNA hizo nne huzuia agizo la kusitisha mashambulizi. Hapo hujishikiza kwenye utumbo na kutoa sumu inayomharisha mtu maji matupu. Wakishakuwa wengi, RNA hizo hupungua na agizo linasomwa. Wanaacha kutoa sumu, wanajibandua na kutoka na kinyesi.

Inatuhusu vipi nyumbani?

Ni kwamba kuharisha ndiyo safari ya bakteria kwenda kwa mtu mwingine. Kinyesi kikifika mtoni au kisimani, nyumba ya jirani imo hatarini. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi na kuugua zaidi ya watu 20,000.

Watafiti wanatafuta namna ya kuwadanganya bakteria wadhani tayari wako wengi, waache sumu mapema. Dawa ya aina hiyo haijafika zahanati. Kwa sasa mgonjwa hufa kwa kupoteza maji mwilini, kwa hiyo mpeni ORS mara moja, na mwendelee kumpa mkiwa njiani kumpeleka kituo cha afya. Msinunue antibiotiki dukani kwa kubahatisha; mhudumu wa afya ndiye ataamua kama zinahitajika.

Anayemhudumia mgonjwa anawe kwa sabuni kila amalizapo. Kinyesi na matapishi yamwagwe chooni, na nguo zilizochafuka zisifuliwe mtoni wala karibu na kisima.