Kampuni Mbele ya Kamati ya Bunge: Maandalizi Yanaanzia Masjala

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 125, inazipa Bunge la Taifa, Seneti na kamati zake mamlaka ya kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi au taarifa, na kwa ajili hiyo inazikabidhi nguvu sawa na za Mahakama Kuu: kumlazimisha shahidi kufika, kumhoji kwa kiapo, kudai nyaraka, na kuomba mashahidi walio nje ya nchi wahojiwe huko waliko. Ibara ya 195 inayapa mabunge ya kaunti mamlaka ya wito ya namna hiyo hiyo, na Ibara ya 260 inaeleza kwamba mtu, kwa maana ya Katiba hiyo, ni pamoja na kampuni. Licha ya uwazi huo, wito wa kamati huelekea kupokewa katika ofisi za kampuni kama dharura ya kukabidhiwa wakili na msemaji katika siku chache zilizobaki. Hoja inayotangulizwa katika makala haya ni kwamba katika siku hizo sehemu kubwa ya ushahidi imekwisha kuandikwa, kwa uzuri au kwa ubaya, katika mikataba, mihtasari ya vikao vya bodi, barua pepe na hesabu za kampuni yenyewe. Kwa hiyo kampuni hujiandaa kwa uchunguzi wa Bunge kwa namna inavyotunza kumbukumbu na kufanya maamuzi kabla hakujatokea tuhuma yoyote.

Uchunguzi wa Bunge si kesi. Kamati haitoi hukumu ya jinai wala haiamui nani amlipe nani fidia. Huchunguza utendaji wa Serikali na haja ya kutunga au kurekebisha sheria, kisha huwasilisha ripoti ambayo Bunge likiipitisha huwa azimio lake. Tofauti hiyo haiufanyi uchunguzi huo kuwa mwepesi. Mahakamani maswali hufungwa na hati ya madai au ya mashtaka, ilhali katika kamati mipaka huwekwa na hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi ambayo kamati imepewa, na ndani ya mipaka hiyo mjumbe anaweza kuuliza kuhusu umiliki, kodi, ajira au mazingira kwa mkupuo mmoja. Tena nchini Kenya, Ibara ya 118 inataka vikao vya kamati viwe wazi kwa umma isipokuwa katika hali za pekee, kwa hiyo jibu la shahidi husikiwa papo hapo na wateja, wafanyakazi, wakopeshaji na wasimamizi wa sekta.

Hatari ya kumwandaa msemaji bila kuandaa ukweli ilidhihirika Marekani tarehe 14 Aprili 1994, wakuu wa kampuni saba za tumbaku walipokula kiapo mbele ya kamati ndogo iliyoongozwa na mbunge Henry Waxman, na mmoja baada ya mwingine wakasema kwamba hawaamini kuwa nikotini huleta uraibu. Mwaka huohuo nyaraka za ndani za mojawapo ya kampuni hizo zilianza kutoka hadharani, zikaonyesha kwamba jambo lililokanwa lilikuwa limejulikana na kujadiliwa ndani yake kwa miaka mingi. Na kufikia Novemba 1998 kampuni kubwa za sekta hiyo zilikuwa zimekubaliana na majimbo 46 kulipa zaidi ya dola bilioni 200 katika kipindi cha miaka 25. Kiapo kile kinakumbukwa hadi leo kwa sababu kilipingwa na makabati ya waapaji wenyewe.

Mfano wa karibu zaidi unaonyesha tatizo jingine, nalo ni kujibu mamlaka nyingi kwa wakati mmoja. Tarehe 2 Agosti 2023 Serikali ya Kenya ilisimamisha shughuli za Worldcoin, mradi uliokuwa ukipiga picha mboni za macho ya watu na kuwapa sarafu za kidijiti, na Bunge la Taifa likaunda kamati ya muda iliyowahoji wakuu wa mradi huo. Jambo hilohilo lilishughulikiwa pia na Kamishna wa Ulinzi wa Data, na polisi, na hatimaye Mahakama Kuu, ambayo Mei 2025 iliamuru data za kibayometriki zilizokusanywa zifutwe. Kampuni iliyo katika hali kama hiyo haina nafasi ya kuwa na maelezo manne, kwa kuwa jibu lililotolewa kwa msimamizi mmoja huwekwa mezani na mwingine, na tofauti ndogo ya tarehe au ya jina la mwenye dhamana hugeuka kuwa swali kubwa kuliko lile la awali.

Kutokana na hayo, maandalizi yanayostahili jina hilo yana hatua zinazofuatana. Mara dalili za uchunguzi zinapoonekana, menejimenti hutoa agizo la kuhifadhi, yaani tangazo la ndani linalosimamisha ufutaji wa barua pepe, ujumbe wa simu na majalada yanayohusika, kwa sababu waraka uliopotea baada ya wito hutafsiriwa kuwa waraka uliofichwa. Hufuata taarifa ya mfuatano wa matukio, ambayo kila kauli yake inaambatana na waraka unaoithibitisha, na ambayo huwa chanzo kimoja cha majibu yote, ya maandishi na ya mdomo. Shahidi huchaguliwa kwa kigezo cha kulijua jambo, wala si kwa cheo pekee, na hufundishwa kutofautisha analolijua, alilolisikia na asilolijua, akiahidi kuliwasilisha hili la mwisho kwa maandishi na kutimiza ahadi hiyo. Siri za biashara na taarifa binafsi za wateja huainishwa mapema, ili maombi ya kuzisikiliza faraghani yawasilishwe kwa karani wa kamati yakiwa na sababu za kisheria badala ya kutamkwa kama ukaidi kikaoni. Wakili naye ana kazi ya kueleza ni kinga zipi zinazotambuliwa na chombo husika, kwa kuwa Congress ya Marekani, kwa mfano, haijioni kuwa inafungwa na usiri wa mazungumzo ya wakili na mteja kama mahakama zinavyofungwa. Juu ya yote, wafanyakazi huhakikishiwa kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kusema kweli.

Inaweza kupingwa kwamba kamati nazo si malaika, kwamba wajumbe wake ni wanasiasa wenye wapiga kura wa kuwaridhisha, na kwamba uadilifu wa kampuni hauizuii kamati kuamua kabla ya kusikiliza. Pingamizi hilo lina uzito. Nchini Tanzania, Kamati Teule iliyoundwa Novemba 2007 chini ya Harrison Mwakyembe kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond ilibaini kwamba kampuni hiyo haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa. Lakini Waziri Mkuu Edward Lowassa, alipojiuzulu Februari 2008, alilalamika bungeni kwamba kamati hiyo haikumhoji. Malalamiko ya namna hiyo, yawe ya haki au la, hayajibiki kwa hisia, bali kwa rekodi ya nani aliamua nini, lini, na kwa msingi gani. Kampuni isiyo na rekodi hiyo haiwezi kuisaidia kamati iliyo makini, na mbele ya kamati isiyo makini haina cha kupeleka mahakamani kudai haki ya kusikilizwa. Kwa hiyo gharama ya masjala iliyopangika, ya mihtasari inayoandikwa kwa ukamilifu na ya mikataba inayoweza kusomwa hadharani bila aibu, inastahili kuhesabiwa na bodi miongoni mwa gharama za kawaida za kufanya biashara na umma.