Mbu Mgeni na Tangi la Maji



Msimu wa likizo unapokaribia, mazungumzo ya hapa Hjulsta huwa ni tiketi, mizigo na zawadi. Safari hii tumeona ni vyema tuzungumzie mbu. Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba malaria ni maradhi ya shamba, na kwamba anayefikia mjini hana haja ya vidonge. Imani hiyo imepitwa na wakati.

Mwaka 2012 mbu aitwaye Anopheles stephensi, ambaye asili yake ni Asia ya Kusini na sehemu za Bara Arabu, aligunduliwa Jibuti. Mwaka huo nchi hiyo ilikuwa na wagonjwa wa malaria 27 tu. Mwaka 2020 walizidi 73,000. Baadaye alionekana Ethiopia, Sudani na Somalia, na mwaka 2022 Marsabit, kaskazini mwa Kenya.

Mbu wetu wa zamani hutegemea madimbwi ya mvua, na kiangazi hupungua. Huyu hutaga katika maji safi ya akiba: matangi, mapipa, madumu, hata mashimo ya majenzi. Joto kali hulistahimili. Basi ukame unaporefuka watu huweka akiba zaidi, na kila pipa lisilofunikwa huwa malezi yake. Isitoshe, dawa nyingi za kupulizia hazimwui tena.

Ndiyo sababu Jibuti imejaribu njia nyingine. Mwezi Mei 2024 mbu madume waliobadilishwa chembe za urithi na kampuni ya Oxitec ya Uingereza waliachiliwa Ambouli. Dume haumi mtu. Akijamiiana na jike wa kawaida, watoto wa kike hufa kabla ya kukomaa; wa kiume huirithisha chembe ile kwa vizazi vichache, kisha hutoweka. Wapo wasemao kwamba huko ni kuchezea maumbile, na haki ya kuuliza wanayo, wenye mtaa kwanza. Kwa maoni yetu, kumwondoa mgeni aliyeingia juzi si kuharibu maumbile ya mahali. Ila madume hao hawawezi kuushinda mtaa uliojaa mapipa wazi.

Hapo ndipo tunapoingia sisi tunaotuma fedha za tangi nyumbani. Tuulize pia habari ya kifuniko, na wavu mwembamba kwenye tundu la kufurikia maji.

Msafiri naye amwone daktari wa vårdcentral wiki kadhaa kabla ya safari, aulize kuhusu vidonge hata kama atafikia mjini. Watoto waliozaliwa Uswidi hawana kinga, na ile tuliyoipata sisi utotoni hupungua tukikaa mbali. Homa ikikushika baada ya kurudi, hata baada ya miezi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, useme ulikotoka. Kwa ushauri piga simu 1177, usiku na mchana.