Kabla ya kuuliza bei, muulize anayeuza
JICHO LA ARDHI, na Zuhura Mtengeti

Wasomaji wanaoniandikia kuhusu viwanja huuliza jambo moja kwa maneno tofauti: wapi bei itapanda? Kigamboni au Bunju? Kibaha bado panalipa, au tumeshachelewa? Nawaelewa. Mtu amekusanya fedha kwa miaka, kikoba kimemwongezea kidogo, na anaogopa zisije zikaliwa na harusi na misiba. Lakini swali hilo ndilo dalali anapenda kulisikia, kwa sababu jibu analo mfukoni: barabara inakuja, kiwanda kinajengwa, wiki ijayo bei haitakuwa hii.

Mimi naanza na muuzaji.

Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, tena kwa masharti. Basi la kwanza ni kujua kama huyo anayekuuzia anayo haki hiyo. Omba nakala ya hati, ipeleke ofisi ya ardhi, lipia upekuzi rasmi. Daftari litaonyesha jina la mmiliki, kama benki imekishika kiwanja kwa mkopo, na kama kuna zuio lililosajiliwa. Ada yake ni ndogo mno mbele ya bei ya kiwanja, na bado watu wanauruka upekuzi kwa kuwa muuzaji ni mcha Mungu, au wametambulishwa na shemeji.

Upekuzi ukitoka safi, kazi haijaisha. Muuzaji ana mwenza? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja auze nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo saini ya mwenza iwemo kwenye mkataba, na ukutane naye ana kwa ana. Mali ni ya marehemu? Hapo mtoto mkubwa hana mamlaka ya kuuza, hata kama ndugu wote wamekaa sebuleni na wamekubali. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Nasisitiza hili kwa uchungu, maana familia iliyofiwa huaminiwa upesi, na mnunuzi huona haya kudai karatasi ya mahakama mbele ya wafiwa. Idai. Ukiona haya leo, kesho utakutana nao hao hao barazani, wakiwa upande wa pili wa kesi.

Na muhuri wa serikali ya mtaa? Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri: anawajua majirani, anajua mipaka inayogombaniwa, anajua kama kiwanja hicho kimeshauzwa kwa mwingine. Lakini muhuri wake hauzai hati. Ukienda mbali na mji, kwenye ardhi ya kijiji, mambo yanasimamiwa na Sheria Namba 5 ya mwaka 1999, na mwenyekiti wa kijiji hawezi kukugawia ardhi peke yake nyumbani kwake. Ipo halmashauri ya kijiji na upo mkutano mkuu wa kijiji.

Umeme nao unawapotosha wengi. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, na nasikia watu wakisema, "Mimi nalipa kodi ya Serikali kila mwezi, nani atanigusa?" Kulipa kodi ya jengo hakukufanyi mmiliki halali wa ardhi iliyo chini yake. Mwaka 2017 nyumba zilibomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Nyingine zilikuwa na umeme na maji, na watoto walikulia humo. Ndiyo maana namwambia kila mnunuzi amlipe mpimaji aliyesajiliwa, aende naye kiwanjani, alinganishe bikoni na ramani ya upimaji, kisha aulize mipango miji eneo hilo limetengwa kwa matumizi gani. Kwa bonde la Msimbazi sina ushauri mrefu: usinunue.

Swali la pili kwa wingi ni nyumba ya kupangisha. Hapa naomba kalamu. Tuseme kiwanja na ujenzi vimekula milioni 120, na nyumba inapangishwa kwa laki tano kwa mwezi. Ikikaa tupu mwezi mmoja kwa mwaka, unapata milioni 5.5. Toa kodi ya zuio ya asilimia 10, toa rangi, bomba na paa, tuseme laki nne na nusu. Zinabaki milioni 4.5, chini ya asilimia nne ya ulichoweka. Aprili 2022, Benki Kuu iliposhusha riba za hati fungani, ile ya miaka 20 iliwekwa asilimia 12.1. Kwa milioni 120, hiyo ni zaidi ya milioni 14 kwa mwaka, bila mpangaji wala fundi.

Sisemi usijenge. Thamani ya ardhi hupanda, na mtaji ulio kwenye hati fungani unaliwa na mfumuko wa bei. Ila ukijenga kwa ajili ya kodi, jenga kinachotafutwa. Vyumba masta vinne karibu na chuo au hospitali mara nyingi huingiza zaidi kuliko nyumba moja kubwa yenye geti la fahari, na akiondoka mpangaji mmoja, watatu wanabaki. Pagale lililosimama miaka minane kwa kukosa fedha za kupaua haliingizi hata shilingi.

Kuhusu kununua na kuacha: hati nyingi zina sharti la kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36, na miliki inaweza kufutwa ukilipuuza. Lipa pia kodi ya ardhi kila mwaka. Siku ya kuhamisha miliki kuna ushuru wa stempu wa asilimia moja, na kodi ya faida aliyopata muuzaji. Andikeni kwenye mkataba nani analipa kipi, mbele ya wakili uliyemchagua mwenyewe, asiwe wa dalali.

Kama wiki hii umeahidi kupeleka arbuni, ahirisha. Mwambie muuzaji unasubiri majibu ya upekuzi. Akikubali, endelea naye. Akikuambia kuna mteja mwingine njiani na fedha mkononi, mwache amuuzie huyo.