Kabla uulize AI, tafuta jina lilizaliwa wapi

Wasee, ukipewa msimbo wa asembli usikimbilie AI ikueleze. Asembli ni maagizo ya prosesa, plus majina ambayo mwandishi alijipachikia. Ukijua jina limezaliwa wapi na linaitwa wapi, nusu ya kazi imeisha.

Wazee wa enzi za MS-DOS walilijua hili. MASM ya Microsoft ilikuja na kaprogramu kalikoitwa CREF. Kalikuwa kanakupangia majina yote kwa alfabeti, kila jina na namba za mistari linapotokea. Pale lilipozaliwa, namba inawekewa alama ya #. Hakuna kubahatisha.

AI inaweza kukudanganya ikiwa imekaza uso. Namba ya mstari unafungua, unajionea mwenyewe.

Na leo huhitaji hata CREF. Msimbo wa MS-DOS uko GitHub tangu 2018. Ukishaupakua, andika:

grep -nw JINA *.ASM

Ni bure, haili bando, na laptopu ya mtumba inaiweza. Chagua jina moja, lifuate mpaka mwisho.

Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kunitetea. Mtu akiniuliza "umejuaje?", namwonyesha mstari.