SINDANO ZA KICHWANI: TUSIKEJELI, TUSIABUDU

Wahenga walinena kuwa mfa maji haachi kutapatapa. Methali hiyo nilikuwa nikiipachika tu katika insha, hadi likizo ya Aprili nyanya yangu alipopatwa na kiharusi. Aliamka mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia vimelegea, maneno hayatoki. Majirani wakasema ni upepo mbaya. Tulipoteza siku nzima tukimkanda kwa maji moto kabla ya kumfikisha hospitalini.

Alirudi nyumbani hai, twamshukuru Mungu, lakini ule mkono ulining'inia tu. Hapo mjomba akaja na habari: mjini kuna mtaalamu wa kudunga sindano kichwani, na waliopooza wanainuka! Mkutano wa familia ukaitishwa. Wengine wakacheka: "Ati sindano kichwani? Mnataka kumwua mama?" Wengine wakataka ng'ombe auzwe siku hiyo hiyo. Mimi nilinyamaza, kwani penye wazee mtoto hasemi. Leo nimepewa ukurasa, ndugu msomaji. Wacha niseme.

Kwanza, wanaocheka wapunguze kicheko. Tiba hii si uganga. Ilianza China, katika mkoa wa Shanxi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa daktari aitwaye Jiao Shunfa. Kumbukeni somo la biolojia: upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na kuna sehemu maalum inayoamrisha viungo vitembee. Jiao aliunganisha ramani hiyo ya ubongo na ufundi wa kale wa sindano za Kichina. Sindano nyembamba hulazwa chini ya ngozi ya kichwa, usawa wa sehemu inayohusika, kisha huzungushwa haraka, hata mara 200 kwa dakika. Haitoboi fuvu wala haigusi ubongo. Hutumiwa kwa waliopooza, wenye ugonjwa wa Parkinson, na hata watoto wenye mtindio wa ubongo.

Pili, wanaotaka kuuza ng'ombe nao wangoje kidogo. Mwaka wa 2016 watafiti wa Cochrane, ambao kazi yao ni kupima ushahidi wa tiba mbalimbali, walikusanya majaribio 31 ya tiba ya sindano kwa waliopata kiharusi. Waliona kwamba huenda inasaidia, lakini majaribio mengi yalikuwa madogo na hayakufanywa kwa uangalifu wa kutosha. Tena mgonjwa anayedungwa huwa pia anameza dawa na kufanya mazoezi ya viungo, na mwili wenyewe hujirudi kiasi katika miezi ya kwanza. Sasa sifa apewe nani? Mwanafunzi akikesha akisoma, akafundishwa na mwalimu hodari, halafu akaingia mtihanini na kalamu yake ya bahati akapata A, je, tuisifu kalamu?

Kwa maoni yangu, sindano hizi ziwe nyongeza, zisiwe badala. Kitoweo ni kizuri, lakini hakichukui nafasi ya ugali. Ugali wa mgonjwa wa kiharusi ni dawa za shinikizo la damu kila siku bila kuruka, na mazoezi ya viungo hata akichoka. Hayo yakishatimia na pesa ikabaki, familia ikitaka kujaribu sindano, ijaribu. Lakini daktari wa hospitali aelezwe kwanza, hasa ikiwa mgonjwa anameza dawa za kuzuia damu kuganda. Sindano ziwe mpya, zifunguliwe mbele ya macho yenu. Na mtaalamu akiahidi muujiza, bwana, shikeni njia mrudi nyumbani.

Jambo la tatu ndilo linaloniuma. Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni, ila hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na sharti kichwa kipigwe picha kwanza. Sijui kama ingemfaa nyanya. Najua tu kwamba siku ile ya maji moto tuliifunga milango yote wenyewe, na sindano zote za China haziwezi kuturudishia. Ndiyo maana nawasihi: ukiona mdomo umepinda, mkono hauinuki, maneno yanakwama, usiulize nani karoga. Tafuta gari!

Ng'ombe bado yuko zizini. Mjomba alikubali tumwulize daktari kwanza. Kila jioni nyanya hufinya mpira wa soksi wa ndugu yangu mdogo, mara ishirini, tukihesabu pamoja. Likizo iliyopita alishika kikombe kwa mkono wa kulia, chai ikamwagika nusu, na sote tukapiga makofi. Sisemi ni mpira ule uliomsaidia. Nisije nami nikaisifu kalamu ya bahati.

Mwanachama, Kidato cha Tatu